Mwanga Unaopima Joto: Maswali Ninayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kazi Yangu ya Kemia

Mimi ni mkemia. Naishi Usa River, nafanya kazi Tengeru, na kwa miaka mingi nimekuwa nikitengeneza chembe ndogo zinazotoa mwanga ili niusome mwanga huo na kujua joto la mahali ambapo kipimajoto cha kawaida hakifiki. Maswali haya nimeulizwa na wanafunzi wa sekondari, wauguzi, wazazi, jamaa tuliokutana msibani, na abiria wenzangu kwenye Hiace ya kwenda mjini.

Shikamoo mwalimu. Hasa unafanya nini?

Marahaba. Mhunzi akitumbukiza chuma motoni hahitaji kipimajoto. Anatazama rangi: nyekundu iliyofifia, halafu rangi ya chungwa, halafu manjano, na hapo anajua saa ya nyundo imefika. Kazi yangu ni jamaa ya hiyo, ila mwanga ninaousoma ni wa ukoo mwingine. Mwanga wa chuma unazaliwa na joto lenyewe, kwa hiyo lazima joto liwe kali sana ndipo uonekane. Hata lava ya Oldoinyo Lengai, yenye nyuzi joto kati ya 500 na 600 hivi, mchana huonekana nyeusi kama tope, na usiku ndiyo huonyesha wekundu hafifu.

Mwanga wa chembe zangu ni baridi, kama wa kimulimuli. Unaipa chembe nguvu kwa taa au leza, nayo inairudisha nguvu ile kwa rangi zake yenyewe. Sisi huuita luminesensi. Rangi hizo hubadilika kidogo joto likipanda au kushuka, hata kwenye joto la mwili wa binadamu, na mabadiliko hayo madogo ndiyo riziki yangu.

Chembe zenyewe ni ndogo kiasi gani?

Nyingi ninazotengeneza zina upana wa nanomita 20 hadi 50. Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unywele mmoja una upana wa makumi ya maelfu ya nanomita.

Mwanga unajuaje joto?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa hiyo nivumilie.

Chukua fuwele ya itriamu na floridi yenye sodiamu ndani yake. Humo tunapandikiza elementi mbili, iterbiamu na erbiamu. Mchanganyiko uliozoeleka ni iterbiamu asilimia 20 na erbiamu asilimia 2. Ukiimulika kwa leza ya infraredi ya nanomita 980 (kwa mwanga, nanomita hupima urefu wa wimbi, yaani rangi yake), ambayo jicho haliioni kabisa, iterbiamu hunyonya nguvu na kumpasia jirani yake erbiamu, mara ya kwanza, kisha mara ya pili. Erbiamu akishapokea pasi mbili anakuwa na nguvu za kutoa mwanga wa kijani. Umeingiza mwanga usioonekana, umepata unaoonekana. François Auzel wa Ufaransa alieleza jambo hili mwaka 1966, na mpaka leo kila ninapowasha leza na kuona kijani kile kikichipuka kwenye kichupa kinachoonekana kuwa cha maji matupu, moyo wangu unaruka.

Sasa joto linaingia wapi? Elektroni za erbiamu, kabla ya kutoa kijani, hutua kwenye vidato viwili vilivyokaribiana. Zikishuka kutoka kidato cha chini hutoa kijani cha nanomita 545 hivi. Kutoka cha juu, kijani cha nanomita 525 hivi. Pakiwa na baridi, elektroni nyingi hukaa kidato cha chini kwa sababu hazina nguvu ya kupanda. Joto likiongezeka, fuwele inatetemeka zaidi, na elektroni nyingi zaidi husukumwa kidato cha juu. Hesabu ya mgawanyo huo aliiweka Ludwig Boltzmann katika karne ya 19, na haijabadilika. Gawanya kijani cha juu kwa kijani cha chini, na jibu linakupa joto.

Kwa nini tugawanye badala ya kupima tu ukali wa mwanga? Kwa sababu ukali wa mwanga una sababu mia za kubadilika. Leza imechoka, kichupa kina vumbi, chembe zimetuama chini. Siku ya mvua sokoni Tengeru wanunuzi wa ndizi hupungua, na wa parachichi hupungua vilevile. Ukiwalinganisha hao kwa hao, mvua inajifuta kwenye hesabu. Uwiano wa rangi mbili kutoka kwenye chembe ileile hufanya kazi hiyo.

Lakini uwiano huo ni wa kusoma kwa makini. Karibu na joto la mwili, nyuzi joto moja huubadilisha kwa takriban asilimia moja tu. Ukitaka kutofautisha 37.0 na 37.1, lazima usome uwiano kwa usahihi wa sehemu moja katika elfu. Hapo ndipo miaka yangu imekwenda.

Naweza kuona mwanga wa namna hii nyumbani, bila maabara?

Ndiyo, na nakuomba ufanye hivyo kabla hujasoma mengine. Tafuta soda ya toniki. Ina kwinini ndani yake, dawa ileile ya malaria ambayo wazee wetu wanaujua uchungu wake. Omba taa ya zambarau wanayotumia kukagulia noti, ingia chumba chenye giza, mulika soda. Itawaka buluu. Mwanga wa urujuanimno unaingia, kwinini inaushika, inautoa ukiwa buluu. John Herschel aliuona mwaka 1845, na George Stokes akaufafanua mwaka 1852.

Ukimaliza kushangaa, tia chumvi ya mezani kijiko kimoja, koroga. Buluu itafifia mbele ya macho yako. Kwinini bado imo yote, na joto ni lilelile. Kloridi iliyo kwenye chumvi inazipokonya molekuli za kwinini nguvu kabla hazijaitoa kama mwanga. Wanafunzi wangu wapya nawafanyisha jaribio hili siku ya kwanza, kwa sababu linawafundisha kitu ambacho mihadhara haifundishi: mwanga ukipungua, usikimbilie kusema ni joto.

Majani mabichi ya mchicha yaliyopondwa ndani ya spiriti hutoa wekundu chini ya taa hiyohiyo. Manjano ya jikoni, vivyo hivyo kwenye spiriti, hutoa kijani kinachoelekea njano.

Floridi si ndiyo hiyo inayoharibu meno yetu huku Meru?

Ndiyo hiyohiyo, na kila ninapoulizwa nakumbuka tabasamu za watu niliosoma nao shule ya msingi, wanaoziba midomo kwa kiganja wakicheka. Maji mengi ya miteremko ya Meru na Kilimanjaro hupita kwenye miamba ya volkano na kubeba floridi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Vyanzo vingi vya huku vinavuka hapo, na mtoto anayekunywa maji hayo meno yake yakiwa bado yanaumbika hutoka na madoa ya kahawia ya kudumu. Magadi tunayopikia nayo huongeza. Kituo cha Ngurdoto kimefanya kazi ya miaka mingi ya kuchuja floridi kwa mkaa wa mifupa, na kazi ile naiheshimu kuliko yangu.

Kwenye fuwele, floridi ina tabia nyingine. Kila fuwele hutetemeka, na mitetemo mikali humeza nguvu ya erbiamu ikawa joto kabla haijawa mwanga. Kwenye kioo cha kawaida mitetemo ni mikali mara tatu hivi kuliko kwenye floridi tunayotumia. Floridi inatetemeka taratibu, kwa hiyo mwanga unapona. Sababu ni kemia ya vifungo kati ya atomi nzito na floridi. Kwa mtu aliyekulia huku, kujifunza kwamba kitu kilichotia doa meno ya rafiki zake ndicho kinachouhifadhi mwanga vizuri hivyo, si jambo la kupita juujuu. Mabaki ya floridi ya maabara yetu hatuyamwagi. Tunayagandisha kwa kalisiamu na kuyatenga.

Wengine wanatengeneza chembe za mwanga kwa maganda ya ndizi. Mbona wewe huzitumii?

Nimezitengeneza. Nukta za kaboni ziligunduliwa mwaka 2004 watafiti walipokuwa wakisafisha mirija ya nano ya kaboni, na leo unaweza kuzipata kwa kupika asidi ya ndimu, maganda ya ndizi au ya kahawa ndani ya chungu cha shinikizo kwenye nyuzi 180 hadi 200. Ni rahisi, hazina metali nzito, na malighafi tunayo kutoka Machame mpaka Rombo. Kila mwaka mwanafunzi ananijia na wazo hili akiwa na uso uliojaa furaha, nami simkatishi tamaa.

Ila namwambia ukweli. Nukta hizo zinaitikia joto, ndiyo. Zinaitikia pia asidi, chumvi, chuma kilichoyeyuka majini, na wingi wao wenyewe. Ganda la ndizi la mwezi wa tatu halitoi mwanga sawa na la mwezi wa nane. Nimesoma makala nyingi zinazotangaza kipimajoto kipya cha nukta za kaboni, na katika nyingi sikuona mahali mwandishi alipobadilisha asidi ya mchanganyiko akaangalia kama jibu lake linasimama. Kama utazitumia, fanya hilo kwanza. Kwa kutambua madini kwenye maji naziona zina nafasi kubwa kuliko kwenye joto.

Uliwahi kukosea vibaya?

Ndiyo. Nilipokuwa Ulaya nikisomea uzamivu, kwa muda wa miezi minne sampuli zangu za majini zilisoma nyuzi nne hadi sita juu ya kipimajoto cha kawaida kilichokuwa palepale. Nilijenga maelezo mazuri kuhusu uso wa chembe na molekuli za maji. Niliyaandika. Nilikuwa karibu kuyapeleka jaridani.

Maelezo hayakuwa ya kweli. Maji hunyonya mwanga wa nanomita 980. Leza yangu ilikuwa inayapasha maji moto pale ilipopita, na chembe zilikuwa zinaniambia ukweli mtupu: hapa pana joto zaidi. Kipimajoto cha pembeni hakikuwa kwenye njia ya leza. Niliyejipotosha ni mimi. Nilikuja kulijua siku nilipopunguza nguvu ya leza nusu kwa nusu na kuona joto likishuka kwa mstari ulionyooka. Nikaufuata mstari hadi penye leza sifuri, nikakuta namba ileile ya kipimajoto cha kawaida. Nilikaa kimya muda mrefu jioni ile. Tangu hapo, hakuna matokeo yanayotoka kwenye meza yangu bila mstari huo. Ni sababu moja pia ya watu wengi kuhamia kwenye elementi ya neodimiamu na leza ya nanomita 808, ambayo maji huyaacha salama zaidi.

Kosa la pili ninaloliona hapa kwetu ni la kusawazisha vipimo. Vitabu vinasema maji yanachemka kwenye nyuzi 100, na mwanafunzi anaweka alama ya 100 kwenye sufuria inayochemka. Arusha mjini tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Maji yanachemka karibu na 95. Kilele cha Uhuru yanachemka karibu na 80. Chombo kilichosawazishwa kwa sufuria ya Arusha kwa kudhani ni 100 kitadanganya maisha yake yote. Barafu inayoyeyuka ni rafiki mwaminifu zaidi: karibu sifuri popote.

Inatumika wapi, zaidi ya kwenye maabara?

Sehemu iliyokomaa ni uzi wa kioo wenye kidonge cha fosfa, yaani dutu inayotoa mwanga ikimulikwa, kwenye ncha. Unapiga mwanga kupitia uzi, kidonge kinawaka, kisha unapima kinachukua muda gani kuzima. Kadiri joto linavyopanda, kinazima haraka. Kwa kuwa hakuna metali, unaweza kuuingiza ndani ya transfoma yenye umeme mkubwa au ndani ya mashine ya MRI yenye sumaku kali, na hautadhurika wala kudanganyika. Arusha tunatengeneza transfoma, na fundi yeyote wa huko atakueleza kwamba sehemu moja ya koili ikipata joto kupita kiasi ndiyo huanza kula karatasi ya kuhami. Haya ndiyo matumizi ningependa kuyaona yakikua hapa.

Sehemu inayopendwa na magazeti ni seli hai. Mwaka 2010 kundi la watafiti lilitumia chembe za erbiamu kusoma joto ndani ya seli za saratani kutoka nyuzi 25 hadi 45. Mwaka 2013 kundi jingine lilitumia almasi za nano. Halafu likaja suala la ndani ya seli moja: je, kiini kina joto zaidi kuliko sehemu nyingine? Wapo waliopima tofauti ya nyuzi moja hivi. Mwaka 2014 wanafizikia wakapiga hesabu wakaonyesha kuwa joto ambalo seli moja inaweza kuzalisha ni dogo mno kuleta tofauti hiyo, pungufu kwa mara laki moja. Mjadala haujafungwa. Mimi nasimama upande wa hesabu mpaka mtu anionyeshe kuwa vipimo vile havikuathiriwa na asidi, chumvi au protini. Kumbuka soda ya toniki na kile kijiko cha chumvi.

Ndani ya mwili, kijani cha erbiamu kina tatizo jingine: damu hunyonya mwanga wa karibu nanomita 540. Rangi zako mbili za kijani hazipunguzwi sawasawa, na uwiano niliousifia pale juu unapotoka. Kwa hiyo kazi ya mwilini inafanywa kwa rangi za infraredi, ambako nyama inapitisha mwanga vizuri zaidi.

Naweza kupima homa ya mtoto kwa hizo?

Hapana. Tumia kipimajoto cha duka la dawa, na homa ikizidi mpeleke kituoni.

Rubi za Longido zinahusikaje?

Zinahusika sana. Rubi ni alumina (alumini iliyoungana na oksijeni) yenye kromiamu kidogo, na kromiamu huyo hutoa mwanga mwekundu wa nanomita 694. Leza ya kwanza duniani, ya Theodore Maiman mwaka 1960, ilitumia rubi. Mstari huo mwekundu husogea kidogo joto likibadilika, na muda wake wa kuzima, ambao ni milisekunde chache tu, hupungua. Kwa hiyo rubi ni kipimajoto kilichozaliwa tayari. Vipande vya Longido, vile vyekundu vilivyokaa kwenye jiwe la kijani, vingi ni vya kuchongea vinyago na si vya pete. Nikipata takataka za mchongaji nazitumia kufundishia. Chuma kikiwa kingi ndani ya jiwe kinaua mwanga, kwa hiyo chagua.

Tanzanaiti ya Mererani usihangaike nayo. Ni nzuri kwa macho lakini chini ya taa ya urujuanimno kwa kawaida inakaa kimya.

Hizi elementi zinatoka wapi? Tanzania tunazo?

Itriamu, iterbiamu, erbiamu na terbiamu zote zimepewa majina kutokana na kijiji kimoja cha Uswidi, Ytterby. Sisi tuna madini adimu Ngualla, mkoani Songwe, ingawa pale utajiri mkubwa ni neodimiamu na praseodimiamu za kutengenezea sumaku. Mimi kwa mwaka natumia gramu chache tu, za kununua, zilizosafishwa. Kinachokosekana nchini ni usafishaji.

Ni hatari?

Leza ndiyo hatari ya kwanza. Ile ya 980 haionekani, jicho halipepesi kujikinga, na unaweza kupoteza uoni kabla ya kujua kuna kitu kimekupata. Mtu asiye na miwani sahihi haingii chumba changu, awe profesa au mgeni wa heshima. Nukta za kwanta, chembe za mwanga za namna nyingine, zilizowapatia Bawendi, Brus na Ekimov tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2023, ni nzuri mno, lakini nyingi zina kadimiamu; sizitumii mahali ambapo wanafunzi wanaosha vyombo wenyewe.

Ulifikaje hapo? Nisome nini?

Nilisoma PCB (fizikia, kemia na biolojia) nikitaka udaktari wa hospitali. Alama hazikutosha, nikapelekwa kemia Dar es Salaam, na mwaka wa kwanza nililia. Mwaka wa tatu mwalimu mmoja alitupeleka chumba cha giza akawasha taa juu ya chumvi ya europiamu. Ikawa nyekundu kama kaa la moto. Sikurudi nyuma.

Chukua PCM (yenye hisabati badala ya biolojia) au PCB, yoyote, lakini usiikimbie hisabati. Nilichohitaji sana baadaye ni logarithmu na takwimu za makosa ya vipimo. Baada ya shahada ya kwanza, huhitaji kuondoka mkoani: Taasisi ya Nelson Mandela hapa Tengeru inafundisha uzamili na uzamivu wa sayansi ya mata (materials science). Kwa nje, makundi yenye nguvu kwenye vipimajoto vya mwanga yako Ulaya: Aveiro, Utrecht, Madrid, Belgrade na Wrocław. Wanawake wanaosomea uzamivu waangalie ufadhili wa OWSD, shirika la wanasayansi wanawake wa nchi zinazoendelea. Wote waangalie DAAD, shirika la ufadhili wa masomo la Ujerumani, na matangazo ya COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania. Andika barua fupi, taja makala moja ya kundi hilo uliyoisoma kweli, na uliza swali moja kuihusu. Barua ya namna hiyo hujibiwa.

Umeme ukikatika katikati ya kazi?

Usanisi wangu hukaa kwenye nyuzi 300 kwa saa moja na nusu, chini ya gesi ya argoni. Umeme ukikatika dakika ya arobaini, chembe zinatoka za ukubwa mchanganyiko na siku imekwenda. Nilipoteza kigunduzi kimoja kwa umeme uliorudi kwa kishindo, na ilichukua miezi saba kupata kingine. Sasa spektromita, chombo changu cha kusomea rangi za mwanga, ina betri yake, na kazi za moto naanza alfajiri.

Kwa nini hukubaki Ulaya?

Pale Tengeru kuna makaburi ya Wapolandi. Wakati wa vita kuu ya pili, kuanzia 1942, wakimbizi kama elfu tano kutoka Poland walihifadhiwa hapa, wakafungua shule wakiwa ukimbizini. Mwenzangu wa Wrocław, huko Poland, aliponitembelea tulikwenda pamoja, akasoma majina kwa sauti. Jioni tulikaa maabara tukipima erbiamu. Naweza kuifanya kazi hii hapa, na mama yangu yuko Marangu. Sina sababu nyingine.

Mwanangu yuko darasa la saba na anapenda sana mambo haya. Tunaishi Moshi mjini, na bibi yake yuko Marangu. Nimwanzishe na nini?

Mnunulie kipimajoto cha maabara kinachofika 110 na daftari. Apime maji yanayochemka nyumbani Moshi mjini, mara tatu, siku tofauti. Mkienda kwa bibi Marangu apime huko pia. Atapata karibu 97 mjini, na pungufu zaidi huko juu, na pengine kipimajoto chenyewe kitakuwa na kosa lake la nusu nyuzi, ambalo ataligundua kwenye barafu inayoyeyuka. Asifute namba yoyote. Likizo ya Desemba mlete na daftari lake, nitamwashia ile leza.